Mtu wa Upande wa Pili

Kama kuna binadamu aliyezaliwa na neno samahani mdomoni, basi ni bibi huyu. Miaka thelathini na nne alikaa kwenye dirisha la mapokezi la kliniki akiwaambia wagonjwa samahani daktari hajafika, samahani faili lako halionekani, samahani sogea kidogo, mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake na kumwita Mama Samahani. Hakukasirika. Aliwaomba radhi kwa kuwapa kazi ya kumtafutia jina jipya.

Sasa alikuwa ndani ya meli ya kitalii yenye sitaha tisa, mabwawa mawili ya kuogelea na ukumbi wa muziki, na katika hayo yote hakuwa ameona hata moja. Siku ya nne hiyo wako baharini. Alichokijua yeye ni chumba nambari 214: vitanda viwili vilivyosukumwa pamoja, kabati, bafu la kuingia kwa zamu, na ukutani picha ya dirisha. Ndiyo, picha, maana chumba chenyewe kilikuwa cha katikati ya meli na hakikuwa na dirisha la kweli. Mtu anasafiri baharini siku saba halafu anaitazama bahari ya karatasi! Palikuwa pia na kiti kimoja, na hicho alikiegemeza mlangoni chini ya kitasa ili mumewe asitoke.

Ngo, ukuta ukalia.

Mumewe alikuwa amesimama karibu na kabati, sikio kaliweka ukutani, macho kayafumba. Huyo ndiye Mzee Nyundo, na jina hilo hakupewa bure. Kazi yake ilikuwa kukagua magurudumu ya treni. Treni ikiingia karakana, watu wawili walitembea nayo tangu kichwa hadi mkia, mmoja huku na mwenzake upande wa pili, kila mtu na nyundo yake ya mpini mrefu. Unagonga gurudumu mara moja, unasikiliza. Chuma kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Mwenzako akishagonga la kwake na kuridhika, anakujibu kwa kugonga mara mbili, yaani huku salama, songa mbele. Treni ikiisha, hugongwa mara tatu: weka nyundo chini, nawa mikono, nenda kwa mkeo. Na sheria ya karakana ilikuwa moja tu isiyovunjwa, kwamba mtu hakagui treni peke yake. Anayezunguka pande zote mbili masikio yanamchoka, na ubaya wake hajui kwamba yamechoka. Kwa kosa hilo Mzee Nyundo alimfukuzisha kazi mdogo wake wa damu, tumbo moja, wakakaa mwaka mzima hawasemeshani.

Tangu mwaka juzi akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Leo kasahau njia ya dukani, kesho kaweka viatu ndani ya jokofu. Mama Samahani aliyafunika yote. Nyumbani haikuwa kazi ngumu, maana nyumba yao ni ya matofali, na matofali hayakumwambia mzee kitu. Lakini meli ni chuma kitupu, jamani. Siku ile ya kwanza tu aliweka kiganja ukutani, uso ukamchangamka kama bwana harusi, akaanza kazi.

Mwenye zawadi ya safari alikuwa binti yao wa pekee, muuguzi, aliyewalipia kwa kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Yeye mwenyewe alikuwa humo humo melini, sitaha mbili juu, amelala chumba kimoja na mfanyakazi mwenzake. Kabla hawajaondoka alimwambia mama yake wazi kuwa safari hii atamtazama baba kwa makini, na akiona hayuko sawa, wakirudi tu anampeleka kwenye nyumba ya wazee iliyo jirani na hospitali yake. Humo hupokewa wagonjwa peke yao. Wake zao huja Jumapili, saa nane hadi saa kumi. Mama Samahani alimjibu kwamba hawajambo, wazima kabisa, asiwe na wasiwasi. Kisha akaenda bafuni akafungua bomba ili alie bila kusikika.

Ndiyo maana tangu wapande walikuwa hawaendi popote. Asubuhi alimtoa mzee nusu saa, kamshika mkono, wanakunywa chai na binti, mama anazungumza kwa niaba ya watu wawili, kisha wanarudi chumbani kwa kisingizio cha kichefuchefu. Binti aliwaletea dawa ya kichefuchefu. Mama akavimeza yeye, vidonge vyote, na vikamletea kichefuchefu cha kweli.

Hayo angeyaweza. Tatizo likawa jirani.

Chumba 216 kilikuwa cha mama mmoja mwembamba, mstaafu, aliyesimamia mitihani ya taifa maisha yake yote. Bado alivaa viatu vya soli ya mpira, vile visivyotoa sauti, na bado alitembea kati ya meza za chakula kama anayetafuta karatasi iliyofichwa. Siku ya pili alipitisha kijikaratasi chini ya mlango. Aliandika kwamba anatumaini jirani zake wapendwa wanafurahia safari, na angeshukuru sana iwapo ugongaji ungepumzika alasiri anapojilaza. Mwandiko ulinyooka mstari kwa mstari.

Mama Samahani alijibu palepale, samahani sana, ni mabomba ya meli. Jioni kikaja cha pili. Jirani alishukuru kwa maelezo, ila alikuwa amemuuliza mhudumu wa vyumba na kuambiwa kuwa ukuta huo hauna bomba. Mama akaandika samahani nyingine, kwamba mumewe ameagizwa na daktari afanye mazoezi ya vidole, na akaambatanisha matufaha manne. Matufaha yakarudi mawili, yameoshwa, pamoja na shukrani na swali kama vidole hivyo haviwezi kufanya mazoezi kwenye mto. Kwa adabu hiyo watu wale wangeweza kuuana na maiti ikashukuru.

Mama akaficha vijiko mzee alivyokuwa akigongea. Mzee akagonga kwa kiatu. Akaficha viatu, akagonga kwa mswaki. Mswaki nao akauficha, na hapo mzee akabaki na pete ya ndoa. Hiyo haikutoka. Mama aliipaka sabuni, akaivuta mpaka mzee akalalamika, kidole kilikuwa kimenenepa kuizunguka miaka hamsini. Ngo, pete ikagonga chuma. Upande wa 212 kulikuwa na bwana anayeimba bafuni kwa sauti ya mbuzi aliyenyimwa maji, watu wote wa korido walimnung'unikia, lakini Mama Samahani alimwombea dua aendelee. Alipoimba, pete haikusikika.

Alasiri hiyo ya siku ya nne bwana wa 212 hakuimba. Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo unamuuma, kichwa kizito, hajalala vizuri tangu wapande. Aliitazama bahari ya karatasi akajisikia kama nguo iliyosahauliwa sandukuni. Kulia jirani, kushoto jirani, juu binti, chini mashine, na mlangoni kiti alichokiweka kwa mikono yake mwenyewe.

Ngo, akagonga mzee. Akasikiliza.

Kutoka 216 zikaja mbili, taratibu, za kistaarabu. Ko ko.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasogea hatua moja, akagonga tena. Ko ko, jirani akajibu. Mzee akasogea.

Loo! Mama Samahani alisimama. Siku nne alikuwa akizisikia zile mbili na kuona aibu tu, akijua ni jirani anakemea. Sasa ndipo alipoona. Enzi zake za kazi, mtahiniwa akinong'ona, yule mama wa mitihani bila shaka hakupaza sauti, alienda akagonga meza yake mara mbili, na mtoto akanyamaza. Na sasa alikuwa anawanyamazisha wao. Na kila alipomnyamazisha, mzee alisikia huku salama, songa mbele. Wangekaguana hivyo mpaka meli ifike mwisho wa dunia.

Haraka mama akainama ukutani, akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Mzee akamgeukia, akamtazama kwa upole kama anavyotazamwa mwanafunzi mgeni.

"Hapana, mama. Wewe uko upande wangu huu. Tatu zinatoka kule."

Ni kweli. Alikuwa ameambiwa sheria hizo kila jioni kwa miaka hamsini, akaitikia, akapakua chakula. Tatu zinatoka kule, na ili zitoke kule sharti amwambie jirani. Amwambie nini? Uongo wa mabomba umekufa, wa vidole umekufa. Ulibaki ukweli tu, nao hakuwahi kuutamka mbele ya mtu. Jirani huyo kila siku alikuwa akinywa chai meza moja na binti yao muuguzi. Lakini akinyamaza, karatasi inayofuata itakwenda mapokezi, na mapokezi watampigia simu huyo huyo binti. Huku moto, kule maji.

Akajikaza. Alikiondoa kiti mlangoni, akamwacha mzee na pete yake, akatoka koridoni bila hata ya kuvaa kilemba vizuri, akabisha 216.

Jirani alifungua, akatabasamu, akamwambia karibu, akamshukuru kwa kuja. Nyuma yake, kwenye kiti kilichofanana na kile cha 214, alikaa binti.

Mama Samahani alirudi hatua moja nyuma. Akasema samahani, amekosea mlango. Jirani kwa sauti ya chini kabisa akaeleza kuwa ndiye aliyemwita binti, kwani si vizuri kushtaki watu kwa mapokezi kabla ya kuzungumza na familia. Alikuwa bado hajafika kwenye jambo lenyewe, wameanza na hali ya hewa.

Ngo, ukuta ukalia.

Jirani akafunga midomo, akanyoosha mkono wake mwembamba kuelekea ukutani.

"Usigonge mbili!" Mama Samahani alipiga kelele, yeye ambaye hakupaza sauti tangu siku ya leba. "Usigonge mbili, nakuomba. Ukigonga mbili haachi. Mume wangu ni mgonjwa. Hajui yuko wapi. Anadhani ni treni."

Basi, likatoka. Aliliacha lining'inie pale, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, hata samahani haikumjia. Jirani aliushusha mkono wake.

Binti alikuwa amesimama. Uso wake haukuwa wa kiuguzi tena. Alipita kati yao, akalaza sikio ukutani, akangoja. Ngo. Akakunja ngumi, akagonga tatu kwa nafasi, kama zilivyogongwa karakana siku zile akiwa na sare ya shule, amekaa juu ya mbao na bakuli la chakula cha baba magotini, akisubiri ruhusa ya kumkimbilia.

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha maji yakasikika bafuni, mtu ananawa mikono.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

Binti alihesabu kimoyomoyo, akakaa chini kitandani kwa jirani bila kuomba ruhusa. Alisema alikuwa anahisi. Alisema kila akipiga simu kuuliza aliambiwa hatujambo, kila akija alikuta nyumba imefagiliwa na baba amelala, na mtu asiyeruhusiwa kusaidia hubaki na kazi ya kupanga mambo kwa mbali. Wazo la nyumba ya wazee lilitokana na hapo. Mama aliomba wasitenganishwe. Aliomba kwa sauti, machozi yanamdondoka, mbele ya mgeni, adabu yote kaiacha mlangoni. Alisema hata kama mzee hamkumbuki, yeye anamkumbuka, na hiyo inatosha watu wawili.

"Haitoshi," binti akasema. "Baba alimfukuza nani kazini kwa kuzunguka treni peke yake?"

Jibu walilijua wote wawili.

"Sitawatenga. Lakini kule nyumbani hamrudi peke yenu. Mnakuja kwangu, wote wawili, na usiku nikiwa kazini kutakuwa na mtu. Nyumba tutaifunga."

Nyumba ile mama aliipaka rangi kwa mkono wake. Kila mlango aliujua unavyolia. Alikaa akaifikiria, dirisha la jikoni, ngazi ya mbele iliyomeguka, kisha akakubali kwa kichwa. Jirani, ambaye muda wote huo alikuwa ameutazama ukuta kwa adabu kama hayumo chumbani mwake, akauliza kama kesho alasiri angeruhusiwa kugonga yeye hizo tatu, mradi aelekezwe vizuri zinavyopishana.

Mama Samahani alirudi 214. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono bado ina maji, ametulia kama mtu aliyemaliza siku ya kazi halali. Alimkaribisha kwa heshima, akasogea kumpa nafasi, wala haikujulikana kama alimtambua. Kisha akauelekeza ukuta kwa kidevu.

"Leo upande wa pili alikuwa nani?"

"Binti yako."

Mzee akafikiri kidogo, akiizungusha pete kidoleni.

"Anagonga vizuri," akasema. "Ila mwambie kesho asichelewe hivi. Mwenzangu wa huku amechoka."

Mama Samahani alisema atamwambia. Akakivuta kile kiti kilichobaki katikati ya chumba, akakalia, na mlango akauacha hivyo hivyo, bila kitu chini ya kitasa.