Sauti Huingia Mwisho

Ngoma hurekodiwa kwanza, kisha besi, kisha magitaa. Sauti huingia mwisho. Ndivyo kundi lile la thrash metal, roki ya kasi na ngurumo, lilivyoirekodi albamu yake ya kwanza, katika studio iliyobandikwa magodoro ukutani.

Mpiga ngoma alipomaliza sehemu yake alikwenda chooni, na viatu vyake havikutoa mlio. Hatua zake hazikusikika tena. "Afadhali," alisema, "mke wangu hatajua nimerudi saa ngapi." Mpiga besi, baada ya zamu yake, akaacha kukoroma usingizini. Mpiga gitaa, kiongozi wao, akapiga makofi yakawa kimya. Kilichoingia kwenye mashine hakikurudi, nao wakazoea.

Mwimbaji hakuzoea. Alikuwa mdogo wa kike wa kiongozi. Mama yao alikuwa kipofu. Tangu wezi wamvamie, alimfungulia mlango mwenye sauti anayoijua tu.

"Kaka, nikibaki bubu, mama nitamwambia nini?"

"Utamwambia tumetoa albamu. Maji tumeshayavulia nguo, mdogo wangu."

Mwimbaji akanguruma nyimbo zote hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwishoni alihisi kooni kumebaki kitu kidogo, kama makombo. Akaipa maikrofoni mgongo, akakijaribu taratibu: "Mama, fungua. Ni mimi."

Lakini fundi mitambo wa studio hakuwa na desturi ya kuzima mashine kati ya nyimbo. Aliamini mambo mazuri hutokea watu wakidhani hawarekodiwi. Mwimbaji alipofungua mdomo kumshukuru Mungu, hakikutoka kitu. Akamshika fundi mkono, akamwonyesha koo lake, akamsihi kwa macho afute.

"Acha hapohapo," kaka yake akasema. "Huo ndio mwanzo wa albamu."

Nyumbani, kaka alibisha kwa sauti yake, akamwingiza dada yake. Mama akampapasa uso. "Umefanana na binti yangu," alisema kwa huruma. Kaka akaeleza kwamba ndiye. "Huyu? Binti yangu hanyamazi hata akila." Akampa kitanda cha wageni.

Albamu ilipendwa sana. Kila simu mtaani ilikuwa na maneno yale, "Mama, fungua. Ni mimi," na mama akawa anafungua mlango kila yalipochezwa nje. Kwanza walikuja mashabiki. Kisha akaja mwanaume mmoja, akaamkia vizuri, akaondoka na pasi na redio. Mwimbaji alifunga komeo la pili, mama akalifungua. "Binti yangu alale nje?"

Kaka alikuwa ziarani na kundi, wakisimama jukwaani huku mashine ikiwapigia. Mwimbaji alimwandikia fundi, naye akampigia kaka simu kumweleza. Kaka alijibu kwamba albamu ikishatoka imetoka.

Ijumaa jioni sauti ile ya albamu ilikuja tena mlangoni, na nyuma yake vishindo vya miguu mingi. Mwimbaji alimkumbatia mama yake kwa nguvu zote, akitikisa kichwa ambacho mama hakukiona.

"Niachie, mgeni," mama akasema, vidole vikitafuta komeo. "Mwanangu ananiita."