Eksozi Yenye Swichi

Godfrey alikuwa na mapenzi mawili, na kwa bahati mbaya yalikuwa hayapatani. La kwanza lilikuwa Prisca, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Matombo. La pili lilikuwa gari lake la tabo, ambalo aliling'oa sailensa siku ya pili tu baada ya kulinunua ili lingurume. Likipita stendi ya Msamvu wapiga debe hunyamaza kidogo, na wale si watu wa kunyamaza ovyo.

Alipopanda Matombo kujitambulisha kwa wakwe, mngurumo ulimtangulia. Ilikuwa Jumapili, padri yuko katikati ya mahubiri, akalazimika kusimama mpaka gari lipite. Benchi la mbele alikaa Mzee Bonifasi, kaka wa mama yake Prisca. Na katika ukoo ule, kama kwa Waluguru wengi, baba wa binti hushauriwa tu. Mwenye kusema ndiyo au hapana ni mjomba.

"Kijana," mjomba alimwambia jioni ile, "mwanetu haolewi na radi. Rudi baada ya wiki tatu, nitakupa jibu."

Kesho yake Prisca akapiga simu. "Godi, jibu lake ni hapana. Anasubiri tu uje na makelele yako apate sababu. Usimpe."

Mtu mwenye akili angerudisha sailensa, yakaisha. Godfrey akili alikuwa nazo, ila majivuno yalikuwa yamezizidi umri. Alikwenda kwa Hafidhi, fundi wa eksozi.

"Nataka linyamaze," alisema, "lakini lisinyamaze."

Hafidhi hakushangaa; wateja wake wengi ndivyo walivyo. "Kaka, wewe unataka kilango." Akamweleza: sailensa inarudi mahali pake, kisha mbele yake bomba linatobolewa na kuwekwa kilango cha chuma chenye mota ndogo. Kikifungwa, moshi unapita kwenye sailensa na gari linakuwa pole. Ukibonyeza swichi pale kwenye usukani, kilango kinafunguka, moshi unatoka moja kwa moja, na mtaa mzima unajua umefika.

"Basi kiweke karibu kabisa na injini, kingurume vizuri."

"Kikikaa kabla ya tabo, ile feni inayoipa injini nguvu, moshi utatoroka kabla haujaizungusha. Utabaki na kelele bila nguvu. Wa hivyo mjini tunao tele."

Asubuhi nzima grenda ililia na cheche zikaruka. Walipojaribu, kilango kikiwa wazi kuku wa jirani walipanda ukuta, kikifungwa, walishuka. Godfrey alikaribia kutoa machozi kwa furaha.

Siku ya jibu alifunga kilango tangu mjini. Mshenga wake alishatangulia. Alipita Mkuyuni, akapanda na kushuka kwenye mashimo na mawe, na gari likawa pole kama mtu anayekwenda kukopa.

Sasa, kabla ya kijiji barabara inashuka hadi kwenye kijito, na pembeni mwa kijito wanawake huoga. Mlinzi hawaweki. Wamweke wa nini? Gari lolote linaloteremka pale husikika tangu juu mlimani, wakapata nafasi ya kujisitiri. Godfrey hayo hakuyajua. Aliliachia gari liteleze taratibu, kioo kimeshushwa, anasikiliza ndege na kujipongeza.

Kwenye kona ya mwisho alikutana uso kwa uso na Mama Bernadeta, mama mzazi wa Prisca, kichwa kizima povu, mabega wazi, kajifunga upande mmoja wa khanga ulioloa chapachapa. Kwao mkwe na mama mkwe hata kwenye sahani moja hawali. Mama alipiga yowe, akakaa majini. Godfrey alitaka kupiga honi ya kuomba radhi, kwa papara akabonyeza swichi. Kilango kikafunguka. Gari likanguruma bonde zima, na waliokuwa hawajui kitu wakatoka mbio kuja kuona.

Alipofika kwa mjomba, habari zilikuwa zimeshafika kwa njia ya mkato, na Mama Bernadeta pamoja nazo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba!" Mzee Bonifasi aling'aa uso. Alikuwa ametafuta sababu ndogo, akaletewa kubwa. Alikohoa, akajiweka sawa kitini. Godfrey alijua kwamba anampoteza Prisca sasa hivi, kwa ukimya alioutafuta mwenyewe, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Lakini sauti ya Mama Bernadeta ikatoka chumbani kabla ya ile ya kaka yake. "Kaka! Asiondoke huyo! Mkwe ameniona naoga, na anivike nguo mbele ya watu kama ilivyo desturi ya ukoo wetu!"

"Dada, ngoja kwanza..."

"Singoji! Aibu hii nitembee nayo mimi?"

Majirani wakaitikia kuwa ni kweli, amvike. Mjomba akaanza kupiga hesabu. Katika ukoo wao mgeni akikuona unaoga atakuomba msamaha, yakaisha. Anayevika nguo ni mkwe peke yake. Mjomba akikataa, dada yake atachekwa hadi sokoni. Akikubali Godfrey avike, amemkubali kuwa mkwe.

Godfrey hakuwa mzito wa kuelewa kiasi hicho. Alikimbia dukani, akarudi na doti ya khanga, akapiga magoti mlangoni na kuipitisha ndani kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni. Bibi mmoja akapiga vigelegele bila kumuuliza mtu. Prisca, jikoni, alilia kwa sauti.

Mzee Bonifasi aliimeza hapana yake ya wiki tatu. Haikushuka vizuri.

"Basi, mkwe," alisema, "ukija tena huku, hilo bomba liwe wazi tangu Mkuyuni. Ni amri ya ukoo."

"Ndiyo, mjomba."

"Hajasikia huyo, masikio yameshazibwa na bomba lake," Mama Bernadeta alisema kutoka ndani. "Mwambieni tena."