Ubeti wa Nenu

Tangu Mei nimekuwa mtu wa hasira, na sitaki kuambiwa nipoe. Wanaoniambia nipoe ni walewale wanaonisimamisha kwa muuza mikate kunipongeza kwamba tumeshika nafasi ya tisa. Ya tisa, Ulaya nzima! Asanteni sana.

Mimi ni mwitikiaji. Yule msichana anayesimama mbele na gauni la kumetameta, mimi niko nyuma yake nimevaa nyeusi, namshikia sauti pale pumzi yake inapokatika. Mara nne nimekwenda na Malta kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya, na hakuna picha hata moja inayonionyesha uso. Hilo halijawahi kunikera. Kazi ni kazi.

Baba yangu, Wistin, ni mwimbaji wa aina nyingine kabisa. Yeye ni wa baa, Jumapili asubuhi, magitaa matatu na mikono mfukoni. Nusu ya maisha yake amewajibu watu kwa beti za papo kwa papo, na wapo waliokaa mwaka mzima hawapiti mlangoni petu kwa sababu ya alichowaambia. Lakini ana wimbo mmoja ambao si wa kujibizana. Ni wimbo wa tukio, alioutunga baada ya mdogo wake Nenu kufa kwenye karakana ya fataki, siku nne kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Nenu alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba huuimba mara moja kwa mwaka, Jumapili inayofuata siku ile, na hata walevi huweka glasi chini.

Wimbo wa tukio una kanuni, na kila mtu wa kusini mwa Malta anaijua. Ubeti wa kwanza utataja siku, mahali, jina la marehemu na la mama yake. Ukiacha jina, wenye magitaa wataacha kupiga wakuulize unamlilia nani.

Sasa sikia. Msimu wa baridi uliopita alikuja Etienne Bugeja, mtayarishaji, na simu yake ya kurekodia. Alikuwa akitafuta wimbo wa kuimbwa na Kaylee, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye sauti nzuri na heshima zake, simlaumu. Wasweden watatu walikuwa wamekwishamwandikia mdundo. Walichokosa, alisema Etienne, ni roho. Akaitaka roho ya baba yangu, ubeti ule wa kwanza, niuimbe mimi katikati ya wimbo, ngoma zikinyamaza.

Baba alikataa. Alikataa Jumatatu, akakataa Alhamisi. Etienne akanigeukia mimi, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa wiki nzima: sauti kama yangu, miaka yote nyuma, sasa Ulaya itanisikia. Nikaingizwa mjini, nikiri tu. Nilikwenda jikoni kwa baba nikamkuta anapaka nyanya kwenye mkate.

"Mahadhi wachukue," alisema bila kugeuka. "Mahadhi si yangu, niliyakuta. Jina likiondolewa, huo ni wizi."

"Halitaondolewa, baba."

"Wewe ndiye unayeyashika hayo makaratasi?"

"Mimi ndiye ninayeimba. Mdomo ni wangu."

"Unaniapia?"

"Nakuapia kwa kaburi la mama."

"Mama yako muache alale. Niapie kwa huo mdomo, ndio unaokulisha."

Nikaapa. Akanikatia kipande cha mkate, tukala.

Februari tuliuimba wimbo kwenye mchujo wa nyumbani, jina la Nenu likiwa mahali pake, nikashuhudia wapiga kamera wanafuta macho. Tulishinda kwa mbali. Kijijini walipiga honi za magari mpaka padri akatoka nje. Kesho yake baba alinyoa ndevu akaenda baa akiwa amevaa koti la misa.

Sisi Wamalta tuna ugonjwa wetu, na hakuna taifa jingine litakalougua hivi. Tukishachagua wimbo, tukaupenda, tukaulilia, tunaanza kuutengeneza. Hatuwezi kuuacha. Tunasema ni mzuri lakini Ulaya je? Tunaupeleka kwa mafundi, wanaurudisha umenyolewa nywele. Kila mwaka tunafanya hivyo, kila mwaka tunalia, na mwaka unaofuata tunarudia.

Machi nikaitwa studio. Karatasi mpya haikuwa na Nenu, wala ile siku ya Jumanne aliyokufa, wala mama yake. Mahali pa jina pameandikwa "e-o, e-o", ili ukumbi mzima uweze kuitikia.

Nilimwambia Etienne maneno ambayo siyarudii hapa. Alisubiri nimalize. Akasema dada, jina la mtu hawatalielewa, lakini e-o inaeleweka mpaka Azabajani. Nikamwambia siimbi. Ndipo akaja na dawa yake: rekodi itoke na e-o kwa ajili ya redio, ila jukwaani, usiku wa fainali, niimbe ubeti wa baba kama ulivyo. Silabi zinalingana, taa hazitahama, nani atabisha? Aliweka mkono kifuani aliposema hivyo.

Nikarekodi e-o. Nilimwambia baba kwamba redioni ni hivi, fainali ni vile. Akasema sawa, fainali.

Huko kaskazini mwa Ulaya, kwenye mashindano, tulifanya mazoezi wiki mbili. Kila nilipotaka kuimba jina, Etienne alinisihi ningoje kidogo: Jumatatu kamera zinapimwa, Jumatano washindani wasisikie, Ijumaa majaji wanapiga kura kwa mazoezi ya mwisho, usiwachanganye. Nikaimba e-o mbele ya majaji, nikijiona mjinga. Kesho ni yako, aliniambia.

Jumamosi ikafika. Ngoma zikanyamaza, taa ikawa buluu. Nikafungua mdomo, nikaimba Jumanne ile, nikaimba karakana iliyokuwa njia ya makaburini, nikamwimba Nenu mwana wa Ġuża. Masikioni mwangu, kwenye vile visikilizi vidogo, nilisikia mapigo ya kuhesabia mdundo na pumzi za Kaylee tu. Sikujali. Niliimba kama baba anavyoimba, koo limekaza, kichwa nyuma, na sijawahi kuimba hivyo na sitaimba tena. Nilishuka jukwaani nikilia kwa furaha. Nilikuwa nimetimiza.

Etienne alinikumbatia. "Safi kabisa. Kama mazoezi."

"Kama mazoezi vipi? Hukusikia?"

"Nilisikia. Sauti za waitikiaji wote zinatoka kwenye kanda tangu mazoezi ya kwanza, kanuni za mashindano zinaruhusu. Maikrofoni yako haijawahi kuwashwa."

Alisema kwa upole, mkono wake ukiwa bado begani mwangu. Niliuondoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeimba na uso huo? Kamera ilikupata sekunde mbili. Ulikuwa mzuri sana."

Watu milioni mia na kitu wamesikia e-o kwa sauti yangu mwenyewe, huku mimi nikipiga kelele ndani ya chuma kilichokufa. Nilitamani kumpiga. Ningempiga, ila Kaylee alikuwa ameshika mkono wangu, akiuliza kama alipatia noti ya juu.

Kabla pointi hazijaanza nikajifungia chooni nikampigia baba. Alikuwa baa, kijiji kizima kikiwa nyuma yake.

"Umeimba vizuri," alisema.

"Baba, nimelitaja. Nimemtaja Nenu. Maikrofoni walizima."

Nilisikia glasi zikigongana nyuma yake.

"Baba, nakuapia nimelitaja."

"Nani amesikia?"

Kwa waimbaji wa baa, ubeti usiosikika haukuimbwa. Hata ukiwa na mashahidi kumi waliokuona ukifungua mdomo. Nilijua hivyo tangu nikiwa mtoto. Akakata simu, si kwa hasira, kwa sababu hakukuwa na cha kuongeza. Hiyo iliniuma kuliko matusi.

Majaji walitupenda, watazamaji wa majumbani walitupa pointi kidogo, tukawa wa tisa. Nilikaa kwenye kochi la wasanii nikipepea bendera. Ndiyo, nilipepea. Kamera ilikuwa inakuja.

Juni ikafika Jumapili ya Nenu. Nilikwenda baa ingawa wanawake huingia pale kuwatoa waume zao tu. Kulijaa kuliko mwaka wowote. Walikuja hata watu wa vijiji vya jirani waliotuona kwenye runinga. Magitaa yalizungusha mahadhi mara moja, yakayarudia mara ya pili, baba hakutoa mikono mfukoni. Kisha akaninyooshea kidevu.

"Imba wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeupeleka."

Nikasimama. Nikataja Jumanne, nikataja karakana. Nilipofika kwenye jina, baa nzima, glasi juu, nyuso zimejaa fahari, ikaitikia kwa sauti moja: e-o, e-o. Binamu zangu. Sakristani wa kanisa letu. Mzee aliyewahi kuubeba mwili wa Nenu kwenye mlango uliong'olewa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wananisaidia.

Nikayasimamisha magitaa. Nikaanza upya. Wakaitikia tena, safari hii wachache, wakicheka. Nikagonga meza, glasi mbili zikaanguka, nikawaambia atakayefungua mdomo nitamtoa mimi mwenyewe. Nikaanza mara ya tatu.

Walinyamaza. Nilimtaja Nenu mwana wa Ġuża, kila silabi, na wote walisikia. Lakini walikuwa wananitazama mimi, wakiniogopa mimi, kama unavyomtazama mtu aliyezua fujo msibani, na hakuna aliyekuwa anamfikiria kijana wa miaka kumi na tisa. Baba aliliona hilo kabla yangu. Alichukua kofia yake, akawaomba watu wampishe, akatoka kabla sijafika ubeti wa pili.