Igiza Tuone

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la Heri nitatukana. Mimi ndiye niliyesema tutumie jina la kweli.

Heri ni kijana wa hapa Mpanda, anapiga picha za harusi, na kati ya harusi moja na nyingine anatengeneza filamu. Siku moja alisimama kwenye kibaraza ninaposhonea, pale Kashaulili, akanikuta namfokea mteja aliyeleta gauni lipunguzwe kwa mara ya tatu. Alisubiri nimalize. Akaniambia, "Mama Joséline, wewe ndiye ninayemtafuta. Una sauti." Alikuwa anatafuta mama wa kambo. Nikacheka, nikamwambia mama wa kambo unaye hapa, halali kabisa, na mtoto ninaye nyumbani.

Na ni kweli. Joséline sikumzaa. Mama yake, Médiatrice, alifariki akijifungua, na mimi Scolastica nikaolewa na baba yake, Gervas, mtoto akiwa na miezi saba. Gervas naye tumemzika mwaka juzi. Tumebaki wawili kwenye nyumba ya Kakese, mimi na binti wa miaka minane asiye na tone la damu yangu, na ukiniuliza nina nani duniani nitakutajia huyo. Watu wa mama yake wako Mishamo, wakulima, watu wa sala, wazee wao walitoka Burundi. Walikubali abaki kwangu kwa sababu kila wakija walimkuta ananawiri.

Nilimuuliza Heri, kwa nini huyo mama wa kambo lazima awe mkatili? Weka basi hata kipande kimoja namsuka mtoto nywele, au tunakula wote. Akasema, "Mama, familia inayokula vizuri nani ataiangalia? Watu wanataka baba mlevi, bibi mchawi na mama wa kambo roho mbaya. Ndivyo familia zetu zinavyouzika." Nikamwambia, kwa hiyo sisi watu weusi tukipendana filamu haiendi? Akacheka tu. Kile kipande cha kusuka alikipiga, kuniridhisha, halafu akakifuta kwa sababu kadi ya kamera ilijaa.

Filamu tuliipigia nyumbani kwangu, jikoni kwangu, na mtoto akawa Joséline mwenyewe, maana alinisumbua wiki nzima anataka kuigiza. Kwenye filamu alitakiwa kuitwa Pendo. Nikiita "Pendo" hageuki. Mara ya tano, mara ya nane, jua linaondoka, Heri anailaani betri. Nikaona huu sasa ni upuuzi. Nikasema, jamani, mwacheni awe Joséline, tumalize. Ikapigwa mara moja na ikatoka safi. Namshika sikio, nachukua sahani yake ya ugali na samaki wa migebuka, nawamwagia kuku, nasema, "Joséline, chakula kamwombe mama yako huko alikolala." Heri akapiga makofi. Joséline alicheka mpaka akakaa chini, tukamalizia migebuka iliyobaki sufuriani. Hicho kicheko kwenye filamu hakimo.

Filamu yenyewe, ambayo jina lake sitaki hata kulitaja, haikufika popote. Lakini nusu dakika ile mtu aliikata akairusha kwenye simu, haina jina la filamu, haina muziki, juu imeandikwa "Mama wa kambo wa Kakese". Ndani ya wiki moja kila mtu Mpanda alikuwa nayo. Wateja wakaja kuchukua vitambaa ambavyo hata sijavikata. Dereva wa bajaji aliniangalia kwenye kioo njia nzima, tulipofika sokoni akaniambia, "Mungu anakuona, mama." Nilimjibu ninavyojua mimi, na abiria aliyekaa pembeni yangu akasema, "Sauti si ndiyo hiyo hiyo?" Kuanzia siku hiyo nikauogopa mdomo wangu. Nikinyamaza, nina hatia. Nikiongea, ndiye yule wa kwenye simu.

Jumapili baada ya misa, Mishamo wakaja. Alikuja bibi yake Joséline na mjomba wake, Gratien. Kikao kikakaa kwa shemeji yangu Telesphor, kaka mkubwa wa marehemu Gervas, hapo hapo Kakese, kwa sababu mtoto wa ukoo haondolewi bila yeye kujua. Wageni walipewa soda. Gratien hakuigusa ya kwake. Aliweka simu mezani, akaiacha icheze, nami nikajisikia nikisema maneno yale mbele ya mama mzazi wa Médiatrice. Yule bibi alifumba macho. Nilitamani ardhi inimeze.

"Dada Scola," Gratien akasema, "hii ni nini?"

"Ni filamu."

"Filamu ambayo mtu anaitwa jina lake?"

Nikaeleza. Nikaeleza Pendo, nikaeleza jua, nikaeleza betri. Kila nikieleza najiona naongopa, na nilikuwa nasema ukweli mtupu. Nikampigia Heri, yuko Sumbawanga kwenye harusi, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. "Wazee wangu, ni maigizo yale," akasema. Gratien akauliza, "Huyu si ndiye mwenye video? Ulitegemea aseme nini?"

Wakamwita mtoto. Bibi yake akamshika mikono miwili, akamuuliza kama mama anampiga. Hapana. Anakunyima chakula? "Hapana, bibi, ilikuwa filamu." Nikashusha pumzi. Bibi akaniangalia kwa huruma kabisa, si kwa ubaya, akasema, "Mwanangu, mtoto atasema nini mbele ya anayempikia?" Tangu niolewe kwa Gervas amekuwa akiniita mwanangu, kwamba nimekaa mahali pa binti yake. Siku hiyo jina hilo liliniuma kuliko tusi.

Ndipo Telesphor akataka kunisaidia. Namfahamu shemeji yangu, hana roho mbaya, tatizo lake anapenda mambo yaishe haraka. "Hili jambo ni dogo," akasema. "Kama ni maigizo, igiza tuone. Hapa hapa."

Gratien akakubali, bibi akakubali. Mke wa Telesphor akaleta sahani ya ugali. Joséline akakaa kwenye mkeka bila kuambiwa, uso unang'aa, anaona sasa mambo yatakuwa mazuri, mama yake atawaonyesha.

Nilisimama pale na sahani mkononi nikapiga hesabu zangu. Nikiigiza vizuri, watamwona yule mwanamke yuko ndani yangu, anatoka nikimtaka. Nikiigiza vibaya, watasema kumbe kuigiza sijui, kwa hiyo ile ya kwenye simu ilikuwa kweli. Nikikataa, ndiyo kabisa. Nilitafuta mlango wa nne, sikuuona. Na mbele yangu yupo mtoto wangu, na yupo bibi mwenye rozari aliyemzika binti yake, na mimi natakiwa niseme tena kuhusu huko alikolala.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nikamgusa sikio. Nikasema, "Joséline, chakula," nikaishia hapo. Nikarudia. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu anayeomba maji. Sahani nikairudisha mezani taratibu ugali usimwagike.

Telesphor akakohoa. Nikaona Gratien anatikisa kichwa, na Joséline naye akaona. Mtoto ana akili yule. Alijua nimeshindwa, akajua ni kwa ajili yake tupo hapo, akaamua kunisaidia.

"Siyo hivyo, mama," akasema. Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye sikio lake, akavibana vidole vyangu kwa vidole vyake. "Unanishika hapa, kwa nguvu. Halafu unafoka. Fanya kama siku ile."

Nilisikia kuku nje. Gratien akarudia polepole, "Kama siku ile," na mkono wangu bado uko pale sikioni, kwa sababu Joséline alikuwa ameushikilia.

Uamuzi haukuchukua muda. Mtoto atakwenda Mishamo, atasoma huko, na mimi nitaruhusiwa kumtembelea sikukuu, mtu akiwepo. Telesphor alisema ndiyo huku anaangalia miguu yake. Nilikuwa na maneno mia, na yote yangetoka kwa sauti ile wanayoijua. Nikaenda nyumbani kufunga begi. Niliweka sare za shule, kandambili, na gauni la komunio ya kwanza nililokuwa nimeanza kulishona mapema, bado halina mikono.

Wakanipa dakika moja naye pale mlangoni kwa Telesphor. Alikuwa ameelewa sasa, mdomo unacheza. Nikachuchumaa nikamnong'oneza, "Usilie. Ukilia barabara nzima utaumwa kichwa, na bibi atasononeka, bibi ni mtu mzima. Usilie hata kidogo, umenisikia?" Akaitikia kwa kichwa. Ni mtoto msikivu, hajawahi kunisumbua.

Pikipiki mbili zikaja kuwapeleka stendi. Joséline akapandishwa mbele ya bibi yake, begi akapakata. Alikaza uso, alikaza shingo, akaangalia mbele. Hakutoa hata sauti.

Bibi akamtazama, kisha akanigeukia. "Ona, mwanangu," akasema. "Anaondoka kwako bila hata chozi."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi niliyemkataza kulia. Nikayasikia hayo maneno kabla hayajatoka, jinsi watakavyoyasikia wao, nikaufunga.