Ukuta wa Awadhi

Kazi za mashamba ya karanga zilipovuta watu kuja Nachingwea, nyumba zilisongamana mpaka jua likawa la kugombania. Mwamina, mjane aliyetoka Nambilanje, alikuwa akishona kofia kando ya dirisha lake. Jirani yake Awadhi akajenga duka, na ukuta wake wa udongo mwekundu ukasimama mbele ya dirisha lile, karibu kabisa. Chumba kikawa giza mchana kutwa.

Mwamina hakulalamika, maana Awadhi alijenga kwenye kiwanja chake mwenyewe. Akahamia kushonea uani. Masika yakamrudisha ndani.

Siku moja Sofia, mke wa Awadhi, alikuja kuchukua kofia ya mumewe. Alimkuta Mwamina anahangaika kutia uzi kwenye sindano kwa kupapasa.

"Dada, tangu lini unakaa gizani hivi?"

"Tangu mlipoezeka duka."

Sofia aliondoka bila kuaga. Asubuhi mvua ilipokatika, alirudi na Awadhi, wamebeba ndoo ya chokaa.

"Shemeji, ukuta siwezi kuuhamisha," Awadhi alisema. "Lakini ngoja tuupake uwe mweupe."

Wakajipenyeza kwenye kichochoro kati ya ukuta na dirisha, wakapaka mpaka juu. Chokaa ilipokauka, mwanga wa angani uligonga ule weupe, ukamwagika chumbani hadi kwenye mkeka.

Mwamina alitia uzi kwenye sindano, ukapita mara ya kwanza tu. Akatoka nje. Alimshika Sofia mikono yote miwili, na chokaa yake.

"Mungu awalipe, ndugu zangu," alisema, machozi yakimtoka.