Neno la Karatasi ya Hospitali

...na chaki ikamkatikia mkononi, neno lenyewe liko ubaoni, inexplicable, kwa mwandiko wake ule wa kujivunia, na Getruda, mjukuu wa marehemu Bibi Mhoja, amesimama anauliza, "Mwalimu, maana yake ni kitu cha kichawi?", hapana, binti, ni kitu ambacho chanzo chake hakijajulikana, basi, jepesi hivyo, mbona msibani kwa Mayala hukulisema hivyo, mwalimu Nkwabi, mtoto wa Mayala amelazwa ndani kafunikwa kanga, wamekupa karatasi ya hospitali yenye neno hili uwasomee kwa kuwa kijiji kizima mwenye Kiingereza ni wewe, wanaume wanakutazama mdomo, na utamu wa kutazamwa vile, ukasema, "Daktari anasema kifo hiki hakielezeki, hata sayansi imenyoosha mikono," na hayo ya mikono hayakuwemo, uliyatia mwenyewe, mjinga wewe... "Mwalimu?"... ngoja, Getruda... Mayala aligeuka akamtazama Bibi Mhoja pale kwa wanawake, akamtazama macho, mekundu, ndiyo alama ya mchawi wanavyosema, na nani huku asiyejua ni moshi, kuni hakuna, miaka arobaini anapikia mavi ya ng'ombe makavu, mama yake Nkwabi alizikwa na macho hayo hayo, kwa hiyo Nkwabi alijua, alijua vizuri, akakunja karatasi akaomba maji ya kunywa, na kesho yake saa kumi jioni bibi anatoka ziwani na ndoo kichwani, watatu wakachomoka kwenye mihogo, panga la kwanza likaukata mkono ulioshika ndoo, la pili likaingia shingoni, hakuanguka, alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka na safari, wakaendelea kumkata amekaa, akisema kitu, jina la mtu, wakakata mpaka sauti ikageuka povu, na Nkwabi hatua thelathini tu, amesimama kashikilia baiskeli, Mayala akamwona, akafuta panga kwenye majani akamwambia, kwa adabu kabisa, "Asante kwa kutusomea, mwalimu"... asante, laana gani hiyo, na polisi walipomuuliza akasema hakuona mtu, leo mchana wanarudi, na Mayala jana amepita getini kwake mara mbili, hakusalimia... "Basi tutungie sentensi, mwalimu, ili tuelewe," darasa linacheka kidogo, Getruda hacheki, kalamu yake iko tayari, sentensi, sawa, aliyemuua Mhoja ni Mayala, na mdogo wake Chenge, na Shigela wa mashine ya kusaga, watatu, anawahesabu tena, kila mara wanatoka wanne, na huyo wa nne hakushika panga, alishika karatasi, na mchana, mbele ya polisi, ataanza na jina hilo, akina Mayala wamkate wakitaka... chaki bado iko hewani, Getruda bado amesimama.