Mguu wa Kwanza wa Mwaka

Jua la siku ya kwanza ya Januari lilikuwa bado halijaufikia ukuta wa nyumba mtaani Remera, Kigali, na Athanasie alikuwa ameshachuchumaa kwenye bomba la uani, akisugua visigino vya binti yake kwa jiwe. Vumbi jekundu la mtaa wa Gitega lilikuwa limejipenyeza kwenye nyufa za ngozi na halikutaka kutoka. Ishimwe, mtoto wa miaka minane, alikuwa ameushika ukuta kwa mkono mmoja, na kila jiwe lilipopita alikunja uso.

"Mama, unaniumiza."

"Vumilia. Mguu wa kuingia nao ni upi?"

"Huu." Akanyanyua wa kulia.

"Na unasema nini?"

"Hronya pola."

"Sema kwa sauti! Hauko unaenda kuiba, uko unaenda kubariki."

Maneno hayo yalikuwa ya Kigiriki, ya kutakiana miaka mingi, na mwenye nyumba alitaka kuyasikia mlangoni. Madamu Evanthia aliletwa Bujumbura akiwa bibi harusi kutoka kisiwa cha Simi, Ugiriki. Mumewe aliyefanya biashara ya kahawa alipokufa, Madamu akaja kukaa Kigali na mwanawe Yani. Maisha yake mengi ameyaishi huku kwetu, lakini kila Desemba alirudi kisiwani bila kupanda ndege. Alifunga mapazia ili jua lisiingie, akavaa sweta la sufu, akaweka mezani mashua ndogo ya mbao yenye taa za rangi, kwa sababu kwao huko mashua ndiyo inayopambwa siku za Noeli. Jikoni zilipikwa biskuti za lozi zilizogaragazwa kwenye sukari nyeupe ya unga. Madamu alisema ni theluji. Athanasie, aliyekuwa anaifuta theluji hiyo sakafuni hadi saa za kulala, aliitikia kwamba ni nzuri sana.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa hili la mguu. Asubuhi ya mwaka mpya hakuna aliyeruhusiwa kupita mlango wa mbele mpaka apite mtu aliyechaguliwa, na mtu mwenyewe alitakiwa awe mtoto asiye na hatia. Aingie kwa mguu wa kulia, komamanga lipasuliwe kizingitini, punje zitawanyike, na nyumba ipate neema mwaka mzima. Miaka yote kazi hiyo waliifanya wajukuu waliokuja kutoka Simi. Mwaka huu pepo za baridi zilichafua bahari, meli zikazuiwa bandarini, na wajukuu wakakosa ndege yao. Madamu akaangaza macho kutafuta mtoto mwingine. Ndipo alipokumbuka kwamba mpishi wake, Athanasie, ana mtoto, yule yule ambaye alikuwa amemkatalia kukaa naye pale uani, akisema nyumba yake si shule ya chekechea.

"Mlete," alisema. "Mwaka ikiwa mzuri, atabaki na wewe kule nyuma. Mimi si mtu mubaya."

Watu wasio wabaya wana mazoea ya kulisema hilo wao wenyewe. Hata hivyo Athanasie aliingia chumbani mwake akalia kwa furaha. Ishimwe alikuwa anaishi Gitega kwa Cécile, mdogo wake Athanasie, kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati. Cécile alikuwa na mimba ya tatu. Mumewe, Aimable, mtu mpole kabisa, alikuwa amesema kwa upole kwamba mwisho ni Januari, maana mtoto akizaliwa hakutakuwa na pa kumlaza. Ndugu mwingine hakuwepo. Kama Madamu angekataa, kilichobaki ni nyumba ya watoto ya masista, na huko mzazi huruhusiwa kuja siku za kutembelea tu.

Basi akamfundisha mtoto. Akaogopa asije akacheka mlangoni, au akajikwaa, au akauchukulia kama mchezo. Usiku ule wa mwisho wa mwaka, baada ya kumleta kutoka Gitega, wamelala kitanda kimoja kwenye chumba cha uani, alimshika mguu wa kulia chini ya blanketi akamwambia maneno ambayo mama mwenye shida huyasema bila kuyapima. "Hii mguu yako ina nguvu. Vile utaingiza ndani, ndivyo mwaka utakuwa kwa watu wote wa hii nyumba. Ukiingia vizuri watapata heri. Ukiingia vibaya watapata shida. Umesikia?" Ishimwe alisikia. Alikuwa mtoto wa kusikia.

Walikuwa bado bombani kengele ilipolia kutoka chumbani kwa Madamu. Athanasie akapangusa mikono, akaingia kwa mlango wa jikoni, akachemsha maji, akampelekea.

"Magoti inaniua," alisema Madamu kutoka kitandani. "Weka hapa. Na mtoto?"

"Yuko tayari, Madamu."

"Viatu iko safi?"

"Ni vipya, Madamu." Vilikuwa vya mtumba wa soko la Biryogo, lakini vilikuwa vimepakwa rangi.

Mambo yalikwenda vizuri. Hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu baadaye hakuna aliyelikumbuka. Madamu alisimama sebuleni na fimbo yake, amevaa dhahabu zake zote. Yani alifungua mlango wa mbele. Nje, kwenye ngazi, Ishimwe alisimama na gauni la manjano, nywele zimenyolewa vizuri, hacheki wala hatetemeki. Akanyanyua mguu wa kulia, akaupitisha juu ya kizingiti polepole, akakanyaga ndani. Kisha akaleta wa pili.

"Hronya pola!" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Kamanzi, mlinzi wa getini, naye akapiga makofi.

Yani akalipiga komamanga sakafuni, likapasuka, punje nyekundu zikaruka hadi chini ya kabati. Madamu akatokwa na machozi. Akamvuta mtoto akambusu kwenye paji la uso, akamketisha kwenye kiti cha wajukuu, akamwekea biskuti mbili za theluji kwenye sahani ya maua. "Una jina ya kwetu, ya Kigiriki," alimwambia Athanasie aliyekuwa amepiga magoti akiokota punje, "na sasa una mtoto ya kwetu." Athanasie aliokota punje huku moyo wake ukiwa tayari umeshahamisha kitanda kwenda ukutani ili begi la shule lipate pa kukaa.

Simu ikalia.

Yani aliipokea kwa Kigiriki, akasimama, akaenda dirishani. Athanasie hakuelewa neno, ila aliona bega la yule bwana likishuka. Yani akarudi akamwinamia mama yake, akasema naye taratibu. Madamu hakupiga kelele mara moja. Kwanza alimtazama mwanawe. Halafu akageuka akamtazama mtoto aliyekuwa kwenye kiti, sukari nyeupe mdomoni, miguu ikining'inia. Ndipo akapiga kelele.

Alinyoosha fimbo kuelekea ile miguu. "Toa! Toa hii! Hii mguu ni mubaya! Imemwua dada yangu!"

Ishimwe alishuka kwenye kiti haraka, akasimama asijue aende wapi. Athanasie akamdaka mkono, akampeleka jikoni, akafunga mlango.

Yani aliwafuata baada ya kitambo, anajimiminia kahawa. Alikuwa amesoma Ubelgiji, lakini Kiswahili chake kilikuwa kizuri. "Ni tante Irini, dada yake Mama," alisema. "Ameanguka kwenye ngazi kule Simi, ngazi zimelowa. Boti ya kumpeleka hospitali ya kisiwa kikubwa haikuweza kutoka, upepo mkali. Amekufa."

"Pole sana, bosi. Mungu ampokee. Ni leo asubuhi?"

"Jana jioni," alisema Yani.

Jana jioni Ishimwe alikuwa Gitega bado, anatungiwa ushanga wa shingoni na mama yake mdogo, hajakanyaga hata lami ya Remera. Yani aliligundua hilo wakati ule ule mpishi wake alipoligundua. Athanasie aliona vile alivyoacha kukoroga.

"Bosi, mwambie basi. Mwambie Madamu kwamba ni jana."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Athanasie, unamjua Mama. Ana huzuni. Siku hii siyo ya kubishana naye." Akachukua kikombe chake akatoka.

Baada ya hapo Madamu aliita. Athanasie akamwacha mtoto akiwa amekaa kwenye kreti ya chupa, akaenda peke yake. Mashua mezani ilikuwa imezimwa taa. Madamu alikuwa amevua dhahabu na kujifunika kitambaa cheusi kichwani, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Athanasie alimhurumia. Huo ndio ulikuwa ujinga wake, kwamba aliweza kumhurumia hata pale.

"Ule mtoto asilale hapa tena. Hata leo. Kamanzi asifungulie yeye geti."

"Madamu, nakuomba, siyo yeye." Alipiga magoti, punje moja ya komamanga ikapasuka chini ya goti lake. "Mtoto hakuingia wa kwanza. Ni mimi niliingia. Asubuhi uliniita maji ya moto, nikapita jikoni, sijui hata kwa mguu gani. Kama kuna mguu mbaya ni wangu. Nifukuze mimi, Madamu, nipunguzie mimi, lakini usiseme ni mtoto."

Madamu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa jambo lisilo na kichwa wala miguu.

"Wewe?" akasema. "Wewe hauhesabiwi. Wewe hauingii, wewe uko humu ndani kila siku, kama sufuria. Ni mutu ndiyo anaingia."

Hata lawama ilikuwa na ngazi zake, na Athanasie hakufika ngazi ya kulaumiwa. Pale chini akafikiria chumba cha uani, mshahara wa mwezi, mwisho wa Januari. Nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa umefunguka kidogo, na Ishimwe alikuwa amesimama kwenye uwazi, anatazama.

"Umesikia?" akauliza Madamu. "Ile mguu ni mubaya. Kesho uje mapema, watu watakuja kulia msiba."

"Ndiyo, Madamu," akasema Athanasie.

Alipewa ruhusa ya mchana kwa sababu ni Ubunani, sikukuu ya mwaka mpya, na Ubunani hata mpishi ana kwao. Getini Kamanzi alimtazama mtoto, akataka kuuliza, akaacha. "Ihangane, vumilia," akasema tu, na kufungua geti.

Gitega ilikuwa imechangamka. Milango yote ilikuwa wazi, muziki unagombana na muziki, watoto wa nguo mpya wanakimbizana na chupa za Fanta, na harufu ya nyama ya kukaanga ilikuwa imetanda kwenye vichochoro. Athanasie aliona kwamba Ishimwe anauburuta mguu wa kulia, akadhani ni kiatu.

Cécile alikuwa mlangoni, tumbo mbele, mwiko mkononi. "Ubunani bwiza! Njooni, njooni, wali unapoa! Tulikuwa tunawangoja nyinyi."

Athanasie akaingia. Alipogeuka, mtoto alikuwa bado nje, hatua moja kutoka kizingitini.

"Ingia basi."

Ishimwe akatikisa kichwa.

"Ishimwe, watu wanangoja. Kuna nini?"

"Siingii." Akautazama mguu wake wa kulia. "Mama mdogo ana mtoto ndani ya tumbo."

Cécile akacheka kwanza, kwa kuwa hakuwa na habari. "Eh! Na mtoto wa tumbo anakukataza kula?"

Athanasie hakucheka. Alirudi nje, akachuchumaa mbele ya binti yake kwenye mfereji mkavu, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. "Nisikilize. Yale nilikwambia usiku, nilikudanganya. Nilitaka uwe na adabu pale mlangoni, basi. Mguu ni mguu tu. Hauui mtu, haupatii mtu kitu. Ule bibi alianguka jana, wewe ukiwa hapa hapa kwa mama mdogo. Unanielewa?"

"Madamu alisema ni mimi."

"Madamu ni mwongo."

Alikuwa hajawahi kulitamka, hata akiwa peke yake kwenye chumba cha uani. Alilisema tena, kwa sauti, mpaka jirani aliyekuwa anaosha sahani akageuka. "Madamu ni mwongo! Mama yako ndiye anakwambia."

Ishimwe alimtazama mama yake kwa makini, kama anayempima. Athanasie aliona mahali hasa ambapo neno lake lilifika na kukwama.

"Lakini wewe ulimwambia, 'Ndiyo, Madamu,'" akasema mtoto.

Ndani Aimable alikuwa anapanga vikombe, anauliza kama ile habari ya chumba imekwenda sawa, ili leo tufurahi vizuri. Cécile alikuwa ameshusha mwiko. Athanasie, bado amechuchumaa, akageuza mgongo na kunyoosha mikono nyuma, na mtoto, mkubwa namna ile, akapanda. Akambeba kama alivyokuwa anambeba zamani akiwa mchanga, akainama mlangoni, akaingia naye.

Walimweka kwenye kitanda, kwa kuwa viti havikutosha. Cécile alimpelekea sahani palepale. Ishimwe alikula wali wote na nyama yote, maana alikuwa na njaa, lakini miguu aliikunja chini ya gauni la manjano, na jioni ilipofika ilikuwa bado haijagusa sakafu.